Mahari ya Maji ya Chumvi



Leo tunaandika wawili, na sisi ni mawifi. Mmoja wetu alizaliwa Mkokotoni, kaskazini Unguja, akaolewa Bukoba. Mwingine alizaliwa Muleba, na ndiye dada wa mume. Kila tulipojaribu kuandika "mimi" tuligombania simu, basi tumekubaliana kuandika "sisi", na pale panapohitaji kutofautisha tutajiita Wa Pwani na Wa Ziwani. Mtatusamehe.

Wengi mlituuliza kuhusu ile picha ya tanki la kioo tuliyoituma, lenye samaki mdogo wa buluu mwenye mgongo wa rangi ya chungwa. Mliuliza tunamlisha nini, na mbona tunasema ni samaki wa bahari ilhali tunaishi ukingoni mwa ziwa. Mmoja wenu aliandika kwamba amesikia lile tanki lilikuwa mahari, akadhani ni utani.

Si utani. Ilikuwa Mfunguo Mosi, mwaka 2015. Posa imeshakubaliwa, kilemba cha baba na mkaja wa mama vimeshazungumzwa, na mjomba akaingia ndani kumuuliza bi harusi anataka nini mahari yake. Wa Pwani akasema anataka tanki la kioo la lita 200, na pampu yake, na cha kupashia maji moto, kwa sababu anapelekwa mahali ambapo hakuna bahari. Mjomba alitoka akarudi mara mbili kuhakikisha amesikia sawa. Wazee wakacheka barazani. Somo yake hakucheka hata kidogo, alimwita pembeni akamuuliza kama ana akili timamu: mwenzio anaomba dhahabu ya kumfaa siku ya shida, wewe unaomba kioo!

Lakini mnajua kwamba mahari ni haki ya mwanamke, na chochote cha halali chenye manufaa kinafaa. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimwambia sahaba mmoja masikini atafute japo pete ya chuma, na alipokosa hata hiyo akamwozesha kwa alichokihifadhi cha Qur'ani. Shekhe aliyefungisha ndoa aliliandika tanki kama lilivyotajwa. Tunalisema hili kwa ajili ya mabibi harusi mnaotusoma: kilichoandikwa pale ni chako, si cha mume, si cha mama mkwe, si cha wifi. Lina umuhimu wake katika hadithi hii.

Wa Ziwani alikuwa akiishi na kaka yake Bukoba mjini, yeye na binti yake mdogo, baada ya ndoa yake ya kwanza kuvunjika. Alikuwa na cherehani yake na wateja wake. Akasikia analetewa wifi kutoka visiwani, akafurahi. Kisha akaona sebule inatengwa ukuta mzima kwa ajili ya boksi la kioo, akanyamaza. Anasema alinyamaza miezi miwili. Wa Pwani anasema hakunyamaza hata siku mbili.

Maji yenyewe yalikuwa kazi kuliko samaki. Maji ya bahari yana chumvi kiasi cha gramu 35 kwa kila lita, kwa hiyo lita 200 zinataka kilo saba. Na si chumvi ya jikoni. Chumvi ya jikoni ni aina moja tu, tena mara nyingi imetiwa madini joto, wakati bahari ina kalsiamu, magnesiamu, potasiamu na mengine mengi kwa vipimo vyake. Chumvi maalumu ya matangi iliagizwa ikaja kwa basi. Maji ya bomba yana dawa ya kuua wadudu, ambayo huua pia samaki. Hapo Bukoba ilitupendelea, maana mvua za huku si za mchezo. Tulikinga maji ya mvua kutoka kwenye bati, tukiyaacha ya mwanzo yapite na vumbi lake, kisha tukayachuja kwa kitambaa. Unatia chumvi kwenye maji, si maji kwenye chumvi, unakoroga, unaliacha pipa siku nzima na pampu ndogo ndani, halafu unapima kwa haidromita. Tunatafuta 1.025. Ikizidi unaongeza maji matamu, ikipungua unaongeza chumvi.

Halafu baridi. Watu wa visiwani mnaodhani Tanzania nzima ni joto, njooni mlale Bukoba mwezi wa saba. Usiku tunajifunika mablanketi mawili, na samaki huyu anataka maji ya nyuzi 25 hadi 27. Kwa hiyo hita inawaka usiku kucha na luku inakwenda. Siku moja Wa Ziwani alibandika karatasi juu ya mita: "Samaki ametumia, sisi tumesoma tu."

Mawe ya ndani yalitoka Unguja. Hatukuvunja matumbawe baharini, na tunawaomba msifanye hivyo. Matumbawe hai yanakua polepole mno, na kuyavunja ni kubomoa nyumba ya samaki wote. Nyumba ya bibi yake Wa Pwani ilikuwa imeanguka upande mmoja, zile nyumba za mawe ya matumbawe ya kuchimba. Akachukua mawe sita kutoka kwenye kifusi, akayakwangua chokaa, akayaloweka wiki kadhaa akibadilisha maji. Yalipopangwa ndani ya tanki yalitengeneza vijipango na vitundu. Wa Pwani alikaa mbele yake akalia. Wa Ziwani alimkuta, akaona wifi yake analilia mawe ndani ya maji yasiyo na samaki. Hapo ndipo alipoanza kumwogopa kidogo.

Sasa tuseme lililotuuma. Tanki jipya halitiwi samaki. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hugeuka amonia, ambayo ni sumu. Wapo bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, nayo ni sumu, kisha wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa kama haijazidi. Bakteria hao hawanunuliwi kwa haraka, wanaota kwenye mawe na mchanga, na inachukua wiki nne hadi sita, wakati mwingine zaidi. Wa Pwani alikuwa anayajua yote haya. Alikuwa ameyasoma, ameyaandika kwenye daftari. Lakini mwezi wa kumi na moja ujumbe ukaja kwamba wageni wanatoka Muleba kuja kumwona bi harusi, na yeye hakutaka wamkute na boksi la maji matupu. Wiki ya pili tu, samaki akaletwa kwa ndege.

Wageni walikuja na ndizi, na kahawa, na senene wa msimu (senene wanataka makala yao peke yao). Wakalisifu tanki, mashaallah, na watoto wakabandika pua kwenye kioo. Siku ya tatu yule samaki alikuwa juu ya maji anahema, mashavu mekundu. Alasiri alikuwa ameshakufa.

Wa Ziwani ndiye aliyemkuta, na maneno aliyoyasema anayajutia mpaka leo, ila tumekubaliana tusiyafiche. Alimkumbusha mwenzake yule mwanamke wa kwenye hadithi, aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie, akaingia motoni kwa ajili yake. Akaongeza kuwa hili ni riya, umemuua kiumbe ili usifiwe na wageni. Wa Pwani hakujibu. Alimzika samaki nyuma ya nyumba, akaingia chumbani, na kwa wiki nzima mawifi wawili walipikiana bila kusemezana.

Na katika wiki hiyo hiyo, kama haikutosha, Wa Pwani akaamua kumwaga maji yote ya tanki. Akabeba ndoo moja moja akayamwaga kwenye migomba. Lita 200 za maji ya chumvi kwenye migomba ya Mhaya! Kama hamjui mgomba ni nini huku, hatuwezi kuwaeleza. Kibanja ndicho nyumba yenyewe, ndicho chakula, ndicho jina la ukoo. Migomba miwili ilikauka majani kabla ya mwezi kwisha, na aliyekuwa ameipanda ni baba yao marehemu.

Hapo sasa ndipo tulipozungumza, kwa sababu hasira ilikuwa imezidi kipimo. Wa Ziwani alisema yote, kuhusu luku, kuhusu sebule, kuhusu kuambiwa na jirani kwamba wifi yako kaletwa na bahari yake. Wa Pwani naye akasema yake: kwamba tangu aje hajasikia sauti ya maji kujaa na kupwa, kwamba ziwa ni kubwa na zuri lakini halinuki chumvi, kwamba akifumba macho mbele ya tanki anasikia kitu cha kwao. Wa Ziwani alikuwa hajui kama ziwa halinuki. Kwake hiyo ndiyo harufu ya maji.

Tulimuuliza ustadhi wetu kuhusu yule paka. Akatueleza kwamba kosa la yule mwanamke lilikuwa kufungia bila kulisha wala kuachia. Akatukumbusha kijana mdogo Abu Umayr, aliyekuwa na ndege wake wa kuchezea, na Mtume alipomkuta amehuzunika kwa kufa kwa ndege huyo alimuuliza habari zake kwa upole. Wanazuoni wengi wametoa humo ruhusa ya kufuga ndege nyumbani, ikiwa atatunzwa. "Ikiwa," akakazia. Kisha akauliza, samaki wenu wa kwanza, alikuwa na njaa au alikuwa na sumu? Tukasema sumu. Akasema basi mnajua pa kutengeneza.

Daftari lilihamia kwa Wa Ziwani siku hiyo. Yeye ni fundi cherehani, kipimo kwake ni dini ya pili. Kila asubuhi aliandika amonia, nitriti, nitrati, chumvi, joto. Tulianza upya na maji mapya, tukaweka kipande cha kamba kioze ndani ili bakteria wapate chakula, tukasubiri wiki saba. Amonia ikapanda, ikashuka. Nitriti ikapanda, ikashuka. Siku zote mbili ziliposoma sifuri kwa wiki nzima, Wa Ziwani alisema, "Sasa mpigie simu mjomba wako."

Yeye huyo mliyemwona pichani ndiye aliyekuja, Januari 2016. Pwani tunawaita vitatange samaki wa jamaa hii, na huyu ni kitatange mdogo, wataalamu humwita Centropyge acanthops. Anapatikana pwani yetu ya Afrika Mashariki na kushuka hadi Afrika Kusini, anaishi kwenye vipande vya matumbawe vilivyovunjika, na hata akikomaa hazidi sentimita nane hivi. Kuna jambo moja juu yao ambalo Wa Ziwani hulisimulia kwa kila mteja wa cherehani: wote huanza maisha wakiwa wa kike, na mkubwa wao katika kundi ndiye hugeuka dume. Wetu yuko peke yake, kwa hiyo hatujui anajionaje.

Tulikielesha kifuko chake juu ya maji, tukatia maji ya tanki kidogo kidogo kwa zaidi ya saa nzima ili mwili wake uzoee. Taa tukazima. Alijificha ndani ya jiwe la bibi siku tatu, hatukumwona ila mkia. Siku ya nne alitoka akaanza kudonoa ukungu wa kijani uliokuwa umeota juu ya mawe, na hapo tukaelewa kwamba zile wiki saba zilikuwa zikimwandalia na chakula. Huyu hushinda anadonoa mchana kutwa, kidogo kidogo, kama mtu anayekula karanga. Anataka majani ya baharini na nyama kidogo. Mwani mkavu tunaletewa kutoka kwa akina mama wa Paje, tunaulowesha na kuubana kwenye kioo kwa klipu. Mchicha uliochovywa maji ya moto anaula akiwa hana la kufanya. Kamba aliyesagwa, kiasi cha ncha ya kisu, mara mbili kwa siku. Tulimjaribu na dagaa wa Bukoba, akamwonja, akamtema mbele yetu, na maji yakafanya mafuta juu. Wa Ziwani alichukulia kama tusi la ukoo.

Mengine tuyataje haraka. Maji yakipungua kwa jua, ongeza maji matamu, kwa sababu chumvi haipandi na mvuke, inabaki ndani. Kila Jumamosi badilisha kama sehemu moja ya kumi. Usiweke vitatange wadogo wawili kwenye tanki dogo, watauana. Na usimshike kwa wavu: shavuni ana mwiba unaonasa kwenye nyuzi, ukimvuta unamchana. Mchote kwa jagi. Hili la jagi ndilo lililomwokoa.

Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, Wa Pwani na mumewe walikuwa Muleba kwa mama, kusaidia maandalizi ya Idi kubwa. Wa Ziwani alibaki Bukoba kumalizia nguo za watu za sikukuu. Asubuhi alikuwa amechanganya maji ya kubadilishia, lita 40, pipa liko barazani linasubiri. Baada ya saa tisa alasiri ardhi ikatikisika.

Wengi wenu mnalikumbuka lile tetemeko kwenye habari, ukubwa wa 5.9. Watu zaidi ya kumi walifariki, mamia walijeruhiwa, nyumba kwa maelfu zilibomoka au kupasuka, na shule kongwe kama Ihungo ziliharibika vibaya. Wa Ziwani anasema kwanza alidhani ni lori kubwa. Kisha cherehani ikaanza kutembea yenyewe. Alimnyanyua binti yake aliyekuwa amelala, akatoka nje bila mtandio, na jirani akamtupia khanga. Sebuleni alisikia kishindo na maji yakimwagika. Hakurudi. Tunataka mjue hilo, hakurudi mpaka mtoto alipokuwa mikononi mwa jirani na ardhi imetulia kwa muda mrefu. Hata hivyo kurudi kwenyewe kulikuwa kosa, kwa sababu mitikisiko midogo huwa inafuata, na Wa Pwani bado humlaumu.

Kona moja ya tanki ilikuwa imepasuka na maji yamebaki chini ya nusu. Umeme umekatika, pampu kimya. Samaki alikuwa amejibana kwenye jiwe. Wa Ziwani alichukua jagi la sharubati, akalizamisha, akasubiri. Akamkosa mara mbili. Mara ya tatu akaingia mwenyewe.

Nje kulikuwa na watu wa mtaa mzima, wamekaa uwanjani, wengine wanalia. Mzee mmoja alipoona jagi alisema kwa wema kabisa, "Mwanangu, kamtupe ziwani, atapona huko, maji si maji?" Wa Ziwani alieleza, na anasema alishangaa kusikia anaeleza kitu ambacho mwaka mmoja nyuma hakukijua. Samaki wa bahari hunywa maji siku zote na kutoa chumvi kwa mashavu yake, kwa sababu bahari inamnyonya. Ukimtia kwenye maji matamu, maji yanamwingia mwilini asiweze kuyatoa, na anakufa kwa saa chache. Na hata kama angeishi, ziwa hili lina kisa chake cha samaki wa kuletwa. Sangara alitiwa miaka ya 1950, kufika miaka ya 1980 alikuwa ametapakaa, na aina nyingi za furu zikatoweka. Mzee akasema kweli, furu alikuwa anawala utotoni na hawaoni tena. Wakakaa wanazungumza habari za furu, kwenye uwanja, siku ya tetemeko.

Samaki alitiwa kwenye ndoo yenye maji yaliyochanganywa asubuhi. Chumvi ilikuwa sawa. Zilikosekana hewa na joto. Hewa inaingia kwa kuchota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu, tena na tena. Joto lilitoka kwenye chupa zilizojazwa maji ya moto kutoka kwenye jiko la mkaa lililowashwa uwanjani, zikaelea ndani ya ndoo, na ndoo ikavikwa blanketi. Watu wote walilala nje usiku ule. Wa Ziwani alichota mpaka mkono ukafa ganzi. Jirani yake, Mkristo, akakichukua kikombe. Kisha mama mwingine, na msichana wa nyumba ya pili. Walikuwa wanahesabu ili wajue zamu imefika, na zamu iliwekwa thelathini na tatu, kwa sababu Wa Ziwani alikuwa akichota kwa tasbihi.

Simu zilikuwa hazishiki. Baada ya isha ndipo Wa Pwani alipompata.

"Mtoto?"

"Mzima."

"Wewe?"

"Mzima."

"Nyumba?"

"Ina nyufa, wifi. Hatulali ndani."

Kukawa kimya. Wa Pwani hakuuliza zaidi, na anaapa alikuwa hakukusudia kuuliza. Wa Ziwani ndiye aliyesema, "Na huyu wako yupo, tunamchotea."

Mama mkwe aliyasikia haya na siku ya Idi alisema neno ambalo hatujapata jibu lake zuri: watu wamepoteza nyumba na watoto wao, nanyi mnakesha na samaki. Fedha tulizokuwa tumeweka kwa chumvi ya miezi iliyofuata zilikwenda kwenye maturubali ya majirani, na samaki alikaa kwenye pipa la plastiki, maji tukiyabadilisha kwa kubana sana, mpaka mume alipoziba kona kwa silikoni. Hilo ndilo tulilofanya. Kama lilitosha, Allah ndiye ajuaye.

Jambo la mwisho ni la mahari. Baada ya tanki kujazwa tena, Wa Pwani alimwita mumewe awe shahidi, akasema nusu ya tanki ni hiba kwa wifi yake. Wa Ziwani akauliza, "Nusu ipi, ya kichwa au ya mkia?" Mwaka 2018 Wa Ziwani aliposwa na mtu wa Muleba, akaolewa. Wa Pwani akampa na nusu ya pili. Somo yake wa Unguja alipopigiwa simu alisema alijua tu kwamba lile tanki halikuwa dhahabu, maana dhahabu asingeitoa.

Tulimsafirisha kutoka Bukoba hadi Muleba kwa ndoo yenye kifuniko, nyuma ya pikapu, katikati ya masanduku ya harusi na wanawake wanaoimba. Mawe ya bibi yalikwenda kwenye beseni, yakiwa yamezama majini ili bakteria wasife. Sasa yuko huko, kwenye sebule inayotazama kibanja, na maji yake machafu humwagwa mbali kabisa na migomba. Wa Pwani bado yuko Bukoba. Chumvi hufikia kwake, naye huipeleka kwa basi.

Kila Jumamosi tunapigiana simu kusomeana daftari. Jumamosi iliyopita haidromita ilisoma 1.027, maana mvua haikunyesha wiki nzima na maji yalikuwa yamepungua. Wa Pwani akasema, "Mwongezee ya mvua, wifi, lakini kidogo kidogo, usiku huu na kesho." Wa Ziwani akasema najua, nimeshaanza.